Machela na Nauli: Safari ya Mgonjwa katika Nyanda za Juu Kusini

Utangulizi

Watu wengi wanapotaja utamaduni wa taifa hufikiria ngoma, mavazi, vinyago, ngano na mashairi. Hayo yote ni utamaduni, wala hatuna nia ya kuyapunguzia heshima yake. Lakini utamaduni haukomei kwenye yale yanayochezwa uwanjani siku ya sikukuu. Utamaduni ni jinsi watu wanavyoishi pamoja: wanavyolima, wanavyozika, wanavyogawana chakula wakati wa njaa, na wanavyomchukua mgonjwa asiyeweza kwenda kwa miguu yake mwenyewe. Katika makala haya tunakusudia kueleza historia ya jambo hilo la mwisho, yaani safari ya mgonjwa kutoka nyumbani kwake hadi mahali anapotibiwa, katika nchi ya Mbeya na Iringa.

Vitabu vya historia hutueleza hospitali fulani ilijengwa lini na nani aliijenga. Ni nadra kutueleza mgonjwa alifikaje pale mlangoni, na nani alibeba gharama ya kumfikisha. Hata hivyo, kwa mkulima wa milimani, swali hilo ndilo lililotangulia mengine yote. Dawa hata ikitolewa bure haimfai mtu aliyelala umbali wa siku mbili. Kwa hiyo hapana budi tuitazame njia kama tunavyoitazama hospitali, maana mgonjwa huanza kupona au kufa akiwa bado njiani.

Nchi yenyewe

Msomaji asiyezijua nyanda hizi azitazame kwanza katika ramani. Ataona safu za Uporoto na Kipengere, mlima Rungwe wenye urefu unaokaribia mita 3,000, uwanda wa Kitulo wenye baridi kali, na chini yake mbuga pana za Usangu. Upande wa kusini nchi huporomoka ghafula hadi Ziwa Nyasa. Upande wa mashariki ya Iringa barabara hushuka mlima wa Kitonga kwa kupindapinda. Njia ipandayo kutoka Chimala kwenda Matamba ina kona 57, na wenyeji huzitaja kwa idadi hiyo kama mtu atajavyo umri wake.

Nchi hii ina rutuba na mvua. Ndiyo nchi ya mahindi, viazi, chai, kahawa, pareto na migomba. Lakini mvua ile ile inayomlisha mkulima ndiyo inayomfungia njia. Kuanzia Desemba hadi Mei udongo huteleza kama sabuni, mito hufurika, na kijiji kilicho kilomita 30 tu kutoka hospitali huwa kama kisiwa. Majira ya kilimo, ambayo ndiyo majira ya mvua, ndiyo pia majira ambayo fedha zimekwisha nyumbani kwa kuwa mavuno bado. Basi mtu akiugua mwezi wa Februari huugua wakati ambapo hana njia wala hana senti. Jambo hili tuliweke akilini, kwa sababu ndilo ufunguo wa mengi yatakayofuata.

Zama za machela

Kabla ya kuja magari, mgonjwa alichukuliwa kwa machela. Fito mbili ndefu za mti au mwanzi zilifungwa kwa kamba, katikati ikatandikwa mkeka au blanketi, mgonjwa akalazwa na kufunikwa. Watu wanne walitia mabegani, na wengine wakafuata nyuma kuwapokea waliochoka. Wanawake walitangulia au kufuata na chungu, unga na moto, maana hakuna aliyejua safari itakwisha lini. Mgonjwa alipelekwa kwa mganga wa jadi aliyesifika, au kwa jamaa zake, na baadaye, misheni zilipokuja, akapelekwa kwa wazungu wenye dawa.

Tulipokuwa wadogo, mwanzoni mwa miaka ya 1980, machela zilikuwa bado zikipita mbele ya nyumba yetu huko milimani. Tunakumbuka usiku mmoja wa mvua mama mmoja wa jirani alishikwa na uchungu, na mtoto hatoki. Hakuna aliyepiga mbiu, ilitosha kijana mmoja kupita mlango hadi mlango akisema, "Baba, kuna mtu wa kubeba." Baba yetu aliamka, akavaa koti lake, akatoka bila kuuliza ni nani. Walirudi kesho yake jioni, miguu imechubuka. Mama yule alijifungua salama. Hatukusikia mtu yeyote akidai malipo, wala mwenye mgonjwa kumuuliza mtu anadai nini.

Yafaa hapa tusidanganyike. Wabebaji wale hawakuwa malaika. Walibeba kwa sababu walijua kwamba nao siku moja watabebwa. Mtu aliyejificha machela ilipopita alikumbukwa, na kijijini kwetu aliweza kutozwa faini ya jogoo au debe la pombe. Zaidi ya faini hiyo, aliogopa siku ya msiba wake, maana wazee walikuwa wepesi wa kusema, "Huyu naye atajibeba mwenyewe." Wajibu huo ulikuwa sheria, ingawa haukuandikwa.

Sheria hiyo ilijengwa juu ya mila za maisha ya pamoja. Kwa Wanyakyusa palikuwa na vijiji vya rika, ambapo vijana wa umri mmoja walitoka kwa baba zao, wakajenga mahali pao, wakaishi jirani hadi uzee wao. Mtaalamu Monica Wilson, aliyeishi nao pamoja na mumewe Godfrey katika miaka ya 1930, alieleza habari hizo katika kitabu chake kilichotolewa mwaka 1951, akaonyesha jinsi wenyeji walivyothamini ukwangala, yaani ile hali ya kukaa, kula na kuzungumza pamoja kwa wema. Huko Uhehe na Ubena kazi kubwa zilifanywa kwa ujima, na waliosaidia wakaburudishwa kwa ulanzi au pombe ya nafaka. Mahali ambapo watu wamezoea kulima, kujenga na kula pamoja, si ajabu kwamba mgonjwa naye hakuwa mzigo wa nyumba moja.

Machela chini ya wakoloni

Wajerumani waliivunja ngome ya Kalenga mwaka 1894, na Mtwa Mkwawa alifariki mwaka 1898 baada ya kupigana nao kwa miaka mingi. Kuanzia mwaka huo huo wa 1898 kodi ya nyumba ilianza kutozwa nchini. Kwa ajili ya kodi vijana wengi waliondoka kwenda kutafuta kazi za mbali. Hapo ndipo mabega ya kubeba machela yalipoanza kupungua vijijini.

Jambo la kusikitisha ni kwamba machela yenyewe ilibadilishwa maana. Chombo kilichokuwa cha mgonjwa kikawa kiti cha bwana mkubwa. Maofisa na wasafiri wa kizungu walichukuliwa mabegani mwa watu wakiwa wazima wa afya, wakipanda na kushuka milima kwa jasho la wengine. Kisha vikaja Vita Kuu vya 1914–1918, na majeshi yakapita Njombe na Iringa. Maelfu ya Waafrika walichukuliwa kuwa wapagazi wa pande zote mbili, wengi wakafa kwa njaa na maradhi. Kwa wazee wa wakati ule neno "kubeba" lilibeba kumbukumbu mbili: moja ya upendo, na nyingine ya kulazimishwa.

Katika habari za tiba, hospitali nyingi za kwanza zilikuwa za misheni. Wamoravia na Waluteri wa Berlin walifika nchi ya Rungwe na Ziwa Nyasa mwaka 1891. Karibu na Iringa, huko Tosamaganga, Wabenediktini walianzisha kituo wakati wa Wajerumani, na baada ya Vita Kuu kikashikwa na Wakonsolata kutoka Italia. Baadaye zikaenea hospitali ambazo majina yake kila mtu wa nyanda hizi anayajua: Ilembula, Bulongwa, Isoko, Igogwe, na katika miaka ya 1960 Chimala na Ikonda. Ukizitazama katika ramani utaona kwamba nyingi zimejengwa mbali na miji, karibu na watu. Hatuna haja ya kusifu kila nia iliyozileta. Lakini haki inataka tukiri kwamba zilimpunguzia mgonjwa njia.

Serikali ya Kiingereza, kwa upande wake, ilijali zaidi njia za mali na utawala. Mji wa Mbeya ulikua kutokana na dhahabu ya Lupa katika miaka ya 1920 na 1930. Barabara kuu ya kutoka kusini kwenda kaskazini ilipita Mbeya na Iringa, na magari ya shirika la reli yalichukua barua, mizigo na abiria kuunganisha nyanda hizi na reli ya kati. Mgonjwa mwenye nauli aliweza kupanda. Asiye nayo alibaki na machela yake. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza neno "nauli" lilipoingia katika habari za ugonjwa.

Uhuru, zahanati na barabara

Tulipopata Uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wachache mno, wapatao 12 tu kwa nchi nzima. Mwaka 1964 ilitolewa taarifa ya Profesa Titmuss na wenzake juu ya huduma za afya za Tanganyika, ambayo ilisisitiza kujenga vituo vya afya vijijini. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likakumbusha taifa kwamba fedha za maendeleo hutumiwa mno mijini, ilhali wanaozilipa ni wakulima. Tangu miaka ya mwanzo ya 1970 serikali iligeuza mkazo wake kutoka hospitali kubwa kwenda zahanati na vituo vya afya. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujifunza kujikinga na maradhi.

Tukilitazama jambo hili kwa macho ya mbeba machela, maana yake ni wazi. Zahanati ikijengwa kijijini, machela hupunguziwa kilomita. Mtoto akikingwa na ugonjwa, machela haifungwi kabisa. Katika Mkoa wa Iringa mpango wa lishe ulioanza mwaka 1983 kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa ya afya na ya watoto ulishughulika na vijiji 168. Watoto walipimwa uzito katika kijiji chao wenyewe, na kamati ya kijiji ikajadili kwa nini mtoto fulani amedhoofu na nini kifanyike. Mzani ulimfuata mtoto, badala ya mtoto kubebwa mgongoni kuufuata mzani mjini.

Wakati huo huo njia kuu zilibadilika. Baada ya walowezi wa Rhodesia kujitangazia uhuru wao haramu mwaka 1965, Zambia ilihitaji njia mpya ya kwenda baharini. Malori ya mafuta yalipita Iringa na Mbeya katika barabara ya udongo iliyoua madereva wengi hata ikapewa jina la njia ya jehanamu. Katika miaka ya mwanzo ya 1970 barabara hiyo ilitiwa lami. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilomita 1,860, ilikabidhiwa rasmi mwaka 1976, ikipita Makambako na Mbeya. Kazi hizo zilifanywa kwa ajili ya ukombozi wa Afrika ya Kusini, na ni fahari yetu. Lakini ziligeuza pia safari ya mgonjwa: safari ya wiki ikawa ya siku moja, kwa mtu aliyeweza kufika penye lami.

Mwaka 1985 ilianzishwa Hospitali ya Rufaa Mbeya, ili mgonjwa wa nyanda hizi aliyeshindikana wilayani apate daktari bingwa pasipo kusafiri zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam. Hiyo ilikuwa hatua kubwa. Hata hivyo, kwa maradhi kama saratani yaliyohitaji tiba ya mionzi, wagonjwa wa Mbeya na Iringa waliendelea kwa miaka mingi kwenda Dar es Salaam, katika Taasisi ya Ocean Road.

Nauli inapokuwa ugonjwa wa pili

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Gari lilipokuja lilimwondolea mbebaji mzigo begani, nasi tulishangilia. Lakini hatukuona kwamba mzigo ule haukutoweka. Ulihama tu: ulitoka katika mabega ya kijiji kizima ukatua katika mfuko wa nyumba moja. Machela ilidai nguvu, na nguvu kila kijiji kilikuwa nazo. Basi lilidai fedha, na fedha mkulima huwa nazo mara moja kwa mwaka.

Miaka ile ya mwisho ya 1970 na ya mwanzo ya 1980 ilikuwa migumu. Bei ya mafuta ilipanda duniani, vita vya Kagera vya 1978–1979 viligharimu fedha nyingi, na petroli ikawa adimu hata magari ya binafsi yakakatazwa kutembea Jumapili baada ya saa 8 mchana. Gari la wagonjwa liliweza kukaa wilayani wiki nzima bila mafuta. Watu walipanda juu ya magunia katika malori, mgonjwa akilala kati ya viazi na mbao.

Kisha mwaka 1993 serikali ilianza mpango wa kuchangia gharama za matibabu katika hospitali zake. Sheria iliwasamehe watoto wadogo, wajawazito na wasiojiweza. Lakini msamaha ule ulikuwa wa dawa na kitanda. Haukuwa wa basi. Mtu aliyesamehewa kulipia tiba alitakiwa kwanza kufika mahali pa kusamehewa.

Wala nauli si moja. Mgonjwa mahututi hasafiri peke yake. Huenda na mtu wa kumshika, na mara nyingi mwingine wa kumpikia. Kila mmoja ana nauli ya kwenda na ya kurudi. Wakifika mjini watalala wapi, watakula nini? Na nyumbani shamba limeachwa na nani? Ukijumlisha hayo utaona kwamba njia yaweza kumgharimu mtu kuliko tiba. Walioanza kupewa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI bila malipo, tangu mwaka 2004, walilijua jambo hili vyema. Nyanda hizi ni miongoni mwa sehemu zilizoathiriwa zaidi nchini. Katika utafiti wa 2016–2017 kiwango cha maambukizi kwa watu wazima kilikuwa asilimia 11.4 Njombe, 11.3 Iringa na 9.3 Mbeya. Dawa ilikuwa bure, lakini ilitakiwa kufuatwa kila mwezi, na mwezi ambao nauli ilikosekana ulikuwa mwezi wa kukosa dawa. Baadaye ilipoamuliwa kwamba mgonjwa aliyeimarika apewe dawa za miezi kadhaa kwa mara moja, safari nyingi ziliondolewa kwa uamuzi wa karatasi tu, pasipo kujenga barabara hata moja.

Habari ya mkulima wa pareto

Tunaomba ruhusa ya msomaji tueleze jambo lililotupata sisi wenyewe. Katika miaka ya 1990 tulikuwa karani katika ofisi moja ya umma, katika wilaya ya pareto yenye baridi. Asubuhi moja aliingia mzee mmoja, akavua kofia, akatusalimu, "Kamwene." Tukamjibu, tukampa shikamoo na kiti. Alikuwa na barua iliyokunjwa mara nne. Mkewe alikuwa ameandikiwa kwenda hospitali ya rufaa, na gari la wagonjwa lilikuwa bovu.

"Mwanangu," alisema, "sina neno juu ya dawa. Nasikia dawa ziko. Naomba nauli ya watu wawili. Pareto ikinunuliwa nitarudisha."

Tulifungua daftari la vifungu vya matumizi. Kilikuwako kifungu cha safari za watumishi. Kilikuwako kifungu cha mafuta ya gari la ofisi. Cha nauli ya mgonjwa asiye mtumishi hakikuwako. Tulimweleza hivyo kwa adabu, kama tulivyofundishwa. Naye, kwa adabu iliyozidi yetu, alikunja barua yake, akatushukuru, akaondoka.

Baada ya miezi miwili tulikutana naye gulioni. Tulimuuliza habari ya mama. Akasema, "Tulimzika. Pareto ilichelewa kununuliwa." Hakusema zaidi, wala hakutulaumu. Katika ofisi ile hakuna aliyevunja kanuni hata moja, na hakuna aliyekuwa na moyo mbaya. Lakini tangu siku ile tumejiuliza: kijiji kisichojua kusoma wala kuandika kiliwezaje kuwa na kifungu cha kumbeba mgonjwa, na ofisi yenye madaftari yote yale isiwe nacho?

Juhudi za siku hizi

Twashukuru kwamba swali hilo limeanza kupata majibu. Wataalamu Thaddeus na Maine, katika maandishi yao ya mwaka 1994, walieleza kwamba mama mzazi hufa kwa ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa. Ule wa pili ndio ambao wabeba machela walipambana nao tangu zamani. Hospitali kadhaa zilijenga nyumba za mama ngojea, ambamo mjamzito wa mbali hukaa karibu na hospitali siku zake zinapokaribia. Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi wa mwaka 2007 ulilenga zahanati kwa kila kijiji na kituo cha afya kwa kila kata.

Mwaka 2009 hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza kutumia fedha za simu kuwasafirisha wanawake wenye fistula. Ugonjwa huo huwapata hasa wanawake waliochelewa kufika hospitali wakati wa kujifungua. Kwa maneno mengine, ni jeraha lililofanywa na njia. Upasuaji ulikuwa bure, lakini wengi hawakuja kwa kukosa nauli. Basi mjumbe aliyemgundua mgonjwa, hata akiwa mkoa wa mbali, alipelekewa nauli kwa simu, akamkatia tiketi na kumpandisha basi. Mgonjwa alipofika, mjumbe akapewa zawadi yake. Hapo fedha zilimfuata mgonjwa kijijini, kama zamani mabega yalivyomfuata.

Mwezi wa Aprili 2022 serikali ilizindua kitaifa mpango uitwao m-mama, ambao ulikuwa umeanza katika sehemu za Kanda ya Ziwa. Mama mzazi au mtoto mchanga akipata dharura, hupigwa simu namba 115 bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kawaida wa jirani aliyeandikishwa, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Vifo vya wazazi, vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–2016, vilikadiriwa kuwa 104 katika utafiti wa 2022. Haingekuwa haki kuupa mpango huu sifa ya upungufu huo, maana ulikuwa ndiyo kwanza unaanza nchini kote. Sababu ni nyingi, na zahanati zilizosogezwa ni mojawapo. Lakini tunachokiona katika m-mama ni machela imerudi: jirani anaitwa usiku, anatoka bila kuuliza ni nani. Tofauti ni kwamba sasa taifa zima ndilo linalomlipa.

Wala tusidhani shida hii ni ya nchi maskini peke yake. Huko Scotland, katika nyanda za juu na visiwa, wakulima wadogo zamani walikufa bila daktari kwa sababu ya umbali. Mwaka 1912 kamati iliyochunguza ilieleza hali hiyo, na mwaka 1913 Bunge la Uingereza likatunga sheria ya kutoa ruzuku. Madaktari walilipwa gharama za safari zao ili mgonjwa wa mbali asitozwe zaidi ya mgonjwa wa karibu. Wengi huuona mpango huo kuwa mtangulizi wa huduma ya afya ya taifa iliyoanza Uingereza mwaka 1948. Hadi leo watu wa nyanda zile hurudishiwa nauli wakisafiri maili 30 au zaidi kwenda hospitali. Mwaka 2008 Scotland na Wales ziliondoa ada ya kuegesha magari katika hospitali nyingi, kwa hoja kwamba ugonjwa si mahali pa kutozea ushuru. Kwao shida ni pa kuweka gari, kwetu ni gari lenyewe. Lakini hoja ni moja.

Hitimisho

Tumeona kwamba babu zetu wa nyanda hizi walikuwa na kanuni moja isiyoandikwa: kumfikisha mgonjwa ni sehemu ya kumtibu, na ni kazi ya wote. Ukoloni uliidhoofisha kanuni hiyo, gari likaisahaulisha, na fedha zikaifanya kuwa shida ya mtu binafsi. Mwaka 2023 nchi yetu ilitunga Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Watakaoisimamia wakumbuke yule mzee wa pareto. Bima inayolipa dawa pasipo kuangalia njia ni sawa na kumpa mtu chakula ng'ambo ya mto usio na daraja.

Kwenu walimu na wanafunzi tuna ombi. Waulizeni wazee wenu: machela ya mwisho ilipita kijijini mwaka gani? Nani walibeba? Walifika wapi, na mgonjwa alipona? Yaandikeni majibu hayo, maana ni historia ambayo haimo katika vitabu, na waliobeba wanazidi kupungua. Kisha ulizeni swali la pili: leo hii jirani akiugua usiku, kijiji chenu kina mfuko gani, simu gani, gari gani? Jibu la swali hilo ndilo litakaloonyesha kama utamaduni ule ungali hai.

Nasi tunafunga kwa ubeti mmoja tuliouandika kwa kumbukumbu ya wabebaji wale:

Mgonjwa si wa mmoja, ni wa kijiji kizima,
Bega kwa bega wakija, hupita bonde, mlima,
Nauli nayo ni hoja, isiachwe kando nyuma,
Tuchange wote pamoja, afike kwenye huduma.